Nta Niliyoahidi Kuikwangua

Fundi Abdu amefariki huko Namasakata. Aliyeniletea habari ni mjukuu wake, kijana mwenye adabu, aliyeshuka kwenye lori la Tunduru akiwa mwekundu kwa vumbi toka unyweleni hadi ukuchani. Alinikuta uani hapa Mjimwema, Songea, nachambua maharage. Alisema shikamoo bibi, akakaa kwenye gogo, nami nikajua. Mtu hasafiri siku mbili kuja kumsalimu kikongwe asiye ndugu yake. Aliniambia babu yao alizikwa Ijumaa baada ya swala, kwamba hakuugua sana, na kwamba siku za mwisho alikuwa akitaja nta na Songea, Songea na nta, hata wakadhani kuna mali aliyoiacha huku. Nilicheka, Mungu anisamehe. Mali! Kisha akaniuliza kwa upole babu alikuwa akitengeneza nini huku enzi za Wajerumani, maana nyumbani hakuwahi kusema. Nilimpa uji, nikamwambia apumzike. Kesho yake nilimweleza nusu. Nusu nyingine naiandika hapa kwa herufi zangu kubwa za shule ya watu wazima, kwa sababu nimebaki peke yangu ninayeijua, nami sitaki kuzikwa nayo.

Ya kuzaliwa kwangu na ukoo wetu sitayagusa. Wapo wazee wanaoyajua kuliko mimi na wanapenda kuulizwa. Naanza na banda. Lilikuwa chini ya kilima cha boma, refu, la fito na udongo, mali ya tajiri mmoja wa pwani aliyenunua nta ya nyuki. Mimi nilikuwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo miaka kadhaa, mkaidi, sijaolewa, na kazi yangu ilikuwa kuchemsha masega. Unayachemsha kwenye sufuria kubwa, unayakamua katika gunia, unayachuja, unaimimina nta kwenye mabakuli igande, na wapagazi wanaibeba mpaka Kilwa. Mikono yangu ilinukia asali iliyoungua, nguo zilinukia, hata ugali niliosonga ulinukia. Kaka yangu Mtepa alikuwa mrina asali. Yeye alileta masega kutoka porini na mimi nikayapika. Alipenda kunitania kwamba nitaolewa na nyuki.

Fundi Abdu alikuwa Myao, mwembamba, mtu wa swala tano. Pwani aliwahi kufanya kazi ya simu ya waya, akafukuzwa, sababu hakuisema. Kwetu alitengeneza kufuli, taa na cherehani ya tajiri. Lakini alikuwa na sanduku lake, na ndani ya sanduku mlikuwa na waya wa shaba, kengele ya umeme iliyovunjika, na chupa mbili za maji makali ambazo alisema zina nguvu ileile iliyoko kwenye radi, ila kidogo. Siku moja alichukua zeze bovu, akalifunga waya wa chuma badala ya uzi, akaweka karibu yake kile kipande cha kengele kilichozungushiwa shaba, akaunganisha na chupa. Waya ukaanza kulia wenyewe. Hakuna aliyeugusa. Ulitoa sauti moja ndefu, nzito, na Fundi alipousogeza msumari juu ya waya sauti ikapanda na kushuka. Wapagazi walikimbia nje. Mimi nilibaki, si kwa ushujaa, bali kwa sababu nilitaka kujua kwa nini. Tangu siku ile akanifundisha. Chupa zilikufa baada ya majuma machache na hakuna aliyejua pa kupata nyingine, lakini sisi wawili tulikuwa tumekwisha kuharibika akili.

Mwanzoni mwa kipupwe akapita Mzungu mmoja mkusanyaji wa nyimbo, akielekea Ziwa Nyasa. Alikuwa na mashine ya kunasa sauti. Siku hizi mnazo santuri za sahani. Hii haikuwa na sahani, ilikuwa na bomba la nta, nene kama mkono wa mtoto, tupu katikati. Ukiizungusha na ukisema ndani ya pembe, sindano inachora sauti yako kwenye nta; ukiirudisha sindano mwanzo, nta inasema. Kamani yake, ule utepe wa chuma unaoizungusha, ilikatika njiani, na mabomba yake yote yaliota ukungu. Aliiacha mashine kwa Fundi akasema kwamba akirudi aikute inazunguka, na kama Fundi ataweza kutengeneza mabomba mapya, atamchukua awe fundi wake kokote aendako. Hakurudi. Kama alikufa au alipita njia nyingine, mpaka leo sijui. Lakini Fundi Abdu aliliamini neno lile, akaacha kufuli na cherehani.

Ile miezi ya baridi ndiyo niliyoishi kwa furaha kuliko yote, nami naona haya kuisema kwa sababu ya yaliyofuata. Kamani tuliiunga. Pembe iliyopasuka tuliiacha, tukaweka shingo ya kibuyu kikubwa, na kibuyu kikatoa sauti tamu kuliko bati la Mzungu. Kile kioo chembamba cha juu ya sindano, kinachotetemeka kwa sauti, kilikuwa kimevunjika. Tulijaribu ule utando wa mayai ya buibui ambao wapiga malimba huubandika kwenye tundu, ukalia kama nzi aliyenaswa. Mwisho tukapasua ulanga, lile jiwe linalobanduka kama karatasi, ukawa mwembamba kuliko jani la vitunguu, ukafaa. Iliyotushinda ni nta yenyewe. Nta ya nyuki peke yake ni laini. Sindano inaizamia na kuiburuta. Nilitia majivu, ikapasuka. Nilitia utomvu wa miti, ikanata. Tajiri alikuwa na gunia la sandarusi ya pwani, ule utomvu wa kale uliogeuka mgumu kama kioo. Nikaitwanga, nikaiyeyusha kwa moto mkali, nikachanganya kidogo kidogo, nikaimimina ndani ya mwanzi mnene tuliokuwa tumeupasua na kuusugua ndani mpaka ukalainika; ikiganda tuliufungua na kulitoa bomba. Kwa hiyo mabomba yetu tukayaita mianzi. Mwanzi ukiharibika unaukwangua kwa kisu, unaanza upya. Nilikwangua mianzi siku nzima. Mchana tulikula ugali wa ulezi na dagaa wa Nyasa, Fundi upande wake na mimi upande wangu, tukibishana juu ya moto na vipimo kama mke na mume waliochokana.

Nyuma ya ukuta wa fito wapagazi walipumzika, na maneno yao yalipita kama moshi. Mwanzoni walisema kuna dawa imetoka Umatumbi. Baadaye walisema imefika Liwale. Baadaye wakasema kwa sauti ya chini kwamba imefika kwetu, kwamba ukinywa na kunyunyiziwa, risasi ya Mjerumani itageuka maji. Fundi alisikia, akatikisa kichwa, akasema yeye ameyaona mabunduki yale pwani. Mimi nilisikia na nikaendelea kuchuja. Watu waliokuwa wakitandikwa viboko kwa kodi na kulimishwa mashamba ya wengine walikuwa wakiamua kufa au kupona, na mimi nilikuwa nikiwaza kama kijiko kimoja zaidi cha sandarusi kitasaidia.

Asubuhi moja yenye ukungu Mtepa alikuja bandani na wenzake wanne. Walikuwa wamekwisha kunywa maji ya dawa ile, kesho wanaondoka. Walitaka kuiona mashine kabla ya kwenda. Mwanzi uliokuwa juu ya mashine ulikuwa mpya, bado haujajaribiwa, na Fundi akawaambia kila mmoja aseme neno lolote ndani ya kibuyu. Sasa, kwetu Wangoni, mwanamume akipewa nafasi ya kusema mbele ya watu hasemi neno lolote. Anajitaja. Anataja jina lake, jina la baba yake na la babu yake, mlima anaotoka, wakubwa anaowafuata na anayekwenda kupigana naye. Asiyejitaja ni mateka, mtu wa kuokotwa. Hata Fundi angewaambia wataje majina ya mboga, wangejitaja kwanza. Mtepa alianza. Alisimama wima, akajigamba kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo nyumbani, akamaliza kwa kusema amekunywa maji na anakwenda kumtoa Mjerumani bomani. Wanne wakafuata, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na baba yake na mlima wake.

Walipomaliza Mtepa aligeuka kwangu, jasho linamtoka ijapokuwa kulikuwa na baridi, akauliza kama maneno yale yatabaki humo. Nikamwambia, "Hapana kaka. Ni ya kujaribia tu. Nitaikwangua leo hii."

Akaridhika. Jioni ile, tukila, alimhadithia mama yote kwa kicheko, jinsi walivyojigamba mbele ya kibuyu, na jinsi mdogo wake atakavyowafuta kwa kisu kama matope ya kiatuni.

Walipoondoka bandani Fundi aliirudisha sindano mwanzo. Na nta ikasema. Si mikwaruzo, si nzi, si mtu aliyefunikwa blanketi. Alikuwa Mtepa, na pumzi zake, na hata mahali alipokohoa kidogo kabla ya kumtaja babu. Fundi alikaa chini, akasema alhamdulillahi mara tatu. Mimi nililia. Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Nilikiweka chini, nikauzungushia mwanzi kitambaa, nikauweka ndani ya chungu kilichokaa kwenye maji baridi, nikajiambia nitaukwangua nikipata wa pili ulio mzuri kama huo. Wa pili haukupatikana. Joto lilianza, na vita.

Risasi hazikugeuka maji. Nasema hivyo tu, kwa kuwa wengi wamesema zaidi na walikuwepo. Baadaye Wajerumani walichoma maghala, wakachoma mashamba yakiwa mabichi, wakachukua ng'ombe na mbuzi, na njaa ikafanya kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Mtepa na wenzake walirudi hai, wote watano. Mvua ilipokolea, wanaume wote walikusanywa zizini chini ya boma wachambuliwe: wenye majina makubwa vitani upande huu, wengine upande ule. Tajiri alihitaji wapagazi, maana nta yake ilikuwa imejaa bandani, akawadhamini watano wale kama watu wake wa zamani. Walijipa majina ya ovyo, majina ya wapagazi wasio na baba. Walilala zizini, mchana wakija kubeba nta chini ya ulinzi. Mtepa hakunitazama usoni, nami sikumtazama, tusijulikane kuwa ndugu. Ilibaki siku chache tu msafara uondoke.

Karani wa boma, mtu wa pwani aliyevaa kanzu safi hata kwenye matope, alikuja bandani kuhesabu mizigo akaiona mashine. Alizifahamu mashine hizo. Hakuwa akitafuta mtu; alitaka muziki. Fundi alimwekea mwanzi mbovu, ukakwaruza, karani akacheka. Akaanza kuchungulia huku na huku kama mgeni anayetafuta nyama jikoni, akafunua chungu changu. Nilisema huo nao ni mbovu. Akasema basi tuusikie ubovu wake. Ulikuwa mchana, mvua imekatika, jua kali. Wapagazi walikuwa ndani, Mtepa ana gunia begani. Fundi aliniangalia mara moja tu kabla ya kuishusha sindano.

Kaka yangu akajitaja. Baba yake, babu yake, mlima wake, maji aliyokunywa. Mdomo uliponza kichwa, wanasema wahenga, ila mdomo wake ulikuwa umefumbwa siku ile. Uliomponza ni wa nta, na nta ilikuwa yangu. Wale wanne hawakutaka kumsaliti, lakini shingo ya mtu ina akili zake: wote waligeuka wakamtazama. Karani aliziona shingo zikigeuka. Mtepa aliweka gunia chini taratibu, akajifuta mabega, akasema kwa Kiswahili, "Ndiyo. Ni mimi."

Sauti ya pili ilikuwa imeanza, ikafika kwenye jina, ikazama; nta ilikuwa imelegea kwa joto. Fundi akanyanyua sindano upesi, akamwambia karani kwamba ikisukumwa itaharibika yote, lazima ikae kwenye maji baridi isikizwe asubuhi. Karani alisema kesho asubuhi ana kazi, na sote tulijua kazi gani. Kesho kutwa basi, tuipeleke bomani, na ikipotea Fundi atasimama mahali pa Mtepa. Akaacha askari mlangoni. Wanne wale wakarudishwa zizini pamoja na mamia wengine, bado na majina yao ya uongo.

Asubuhi iliyofuata walimnyonga. Nilikwenda. Mama alikwenda. Sitaeleza.

Alasiri mama alikuja bandani. Askari, mtu wa mbali asiyejua lugha yetu, alimtazama kikongwe yule akampisha. Mama hakulia. Alikaa juu ya gunia la masega, akasema ameambiwa mwanawe yumo kwenye chungu, anataka kumsikia mara moja, kisha atakwenda. Fundi alinivuta pembeni. Jua lilikuwa likiingia moja kwa moja mlangoni, kali, na mashine ilikuwa juani.

"Nta ikipata moto," alisema, "na ukaweka uzito juu ya sindano, itasema huku inajifuta. Itasema mara moja tu. Watasalimika wale wanne, inshallah. Lakini hutamsikia tena nduguyo, wala mama yako. Sauti ni ya kwenu, binti. Amri ni yako."

Nilimwuliza yeye atafanywa nini. Akasema hilo niliache. Nilikwenda kwenye chungu, nikautoa mwanzi, nikaushika juani mpaka nikahisi unalainika chini ya vidole. Nikaokota jiwe dogo la kupimia, nikalifunga juu ya sindano. Sikumwambia mama kitu. Niliogopa atakataa, na niliogopa zaidi atakubali.

Mtepa alitoka kwenye kibuyu akiwa na sauti nzito, ya uchovu, kama mtu aliyeamka homani. Alijitaja. Alikohoa. Mbele ya sindano kulikuwa na mistari, nyuma yake kulikuwa na nta laini isiyo na kitu, na nyuzi nyembamba za nta zilikuwa zikidondoka mezani. Mama aliinama mbele, kiganja sikioni. Mtepa alipofika kwenye maji na Mjerumani, akanyamaza.

"Rudia," mama alisema.

"Hairudi, mama."

"Rudia pale anapokohoa."

Nikamwambia tena hairudi. Wakati huo sauti ya pili ilikuwa imeanza kujitaja, na mama aliijua: alisema jina la mama yake yule kijana, jirani yetu ng'ambo ya mto. Ya tatu pia aliijua. Akaniuliza hao wako wapi. Nikasema wako zizini, na karani anataka kuwasikia kesho. Mama alizitazama zile nyuzi za nta mezani. Kisha akainuka, akaokota jiwe la pili, akaliweka mwenyewe juu ya lile la kwanza, akalishikilia kwa kidole mpaka sauti ya tano ikaisha.

Karani alisikiliza mwanzi laini asubuhi nzima. Fundi alisema ni jua. Alipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele ya boma, na kwa kuwa hakubadili neno hata kwa kiboko cha mwisho, waliamini ni jua, au walichoka. Mashine ilichukuliwa. Wale wanne walitoka na msafara wa nta. Wawili walikufa njiani kwa njaa, wawili walifika Kilwa na mmoja akarudi, akaoa, akazaa. Nilimsalimia sokoni miaka mingi na hakujua. Fundi alikaa kwetu mpaka mgongo ukapona, mama akimkanda kwa maji ya chumvi, halafu akaondoka kwa miguu kwenda kwao. Mjukuu wake anasema hakugusa chombo chochote cha sauti maisha yake yote, na redio ikiwashwa alitoka nje. Mimi sikumlaumu, naye hakunilaumu, na tungeonana tena labda tungeelezana. Hatukuonana.

Mama hakuniuliza kitu mvua yote. Tulikuwa tukichimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, porini, maana shambani hapakuwa na chochote, na wanawake wengi walikuwa wakichimba, na wengine walikuwa wakianguka. Siku moja tulikaa kuimenya. Alinipa mkubwa, akabaki na mdogo, akasema bila kuinua macho:

"Mtepa aliniambia umeahidi kuikwangua siku ileile. Kwa nini hukuikwangua?"

Nilitafuta jibu ambalo mama angeweza kulila pamoja na mng'oko ule. Ningeweza kusema nilisahau. Ningeweza kusema Fundi alikataa. Mama alikuwa akingoja, kisu mkononi.

"Ilikuwa imetoka vizuri, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei sokoni, akaendelea kumenya. Hakuuliza tena, mpaka alipokufa.